Usalama wa Ndege Uko Mikononi mwa Kabwela

Nchi ikinunua ndege mpya watu hutoka kwenda kuipokea. Sisi Watanzania tulifanya hivyo Julai 2018, ilipotua Dar es Salaam Boeing 787 ya kwanza ya shirika letu. Tulifurahi, na kufurahi ilikuwa haki yetu. Shirika la East African Airways lilipoanzishwa mwaka 1946, nchi zetu zilikuwa chini ya Mwingereza, na katika siku zile Mwafrika alionekana kiwanjani akibeba masanduku, si akirusha ndege. Shirika lile likavunjika mwaka 1977, nasi tukaanzisha letu. Kwa hiyo mwananchi aionaye bendera yake ubavuni mwa ndege ana sababu ya kujivuna.

Lakini twauliza: makofi ya siku kama ile hupigwa kwa ajili ya nani? Wakubwa hupigiwa, rubani hupigiwa, na ndege yenyewe hupigiwa. Yule kijana asimamaye mbele ya pua ya ndege, vibao viwili mikononi, akaiita polepole mpaka ikasimama juu ya alama yake, hakuna amwulizaye hata jina. Na wale wawili wanaoyatazama mabawa, na yule anayeinama kuweka kabari magurudumuni, hao hawaonekani kabisa. Sisi twasema kwamba katika dakika zile za mwisho za safari, roho za abiria na mali ya taifa zimo mikononi mwa watu hao. Na twasema zaidi: usalama huo hauwezi kuwapo mahali ambapo mtu mdogo anaogopa kumwambia mkubwa "simama".

HATARI HAIISHI NDEGE IKITUA

Watu wengi hudhani hatari ya ndege iko angani, na kwamba magurudumu yakigusa ardhi mambo yamekwisha. Si kweli. Flight Safety Foundation, chama cha kimataifa ambacho kazi yake ni usalama wa ndege, kiliwahi kukadiria kwamba kila mwaka duniani hutokea ajali na mikasa ipatayo 27,000 katika sakafu za viwanja vya ndege, yaani mkasa mmoja kwa kila safari 1,000 zinazoondoka. Kilikadiria pia kwamba watu wapatao 243,000 huumia, na kwamba hasara si chini ya dola bilioni 10 kwa mwaka. Hizi si ndege zilizoanguka. Ni ndege zilizokuwa zikiingia mahali pake, zimesimama, au zikitoka, pamoja na matrekta, ngazi na watu wanaozihudumia.

Sasa tueleze kazi yenyewe, maana mtu hawezi kutetea asichokijua.

Kabla ndege haijafika, watu wa kiwanjani hutembea mahali itakapoegeshwa wakiangalia sakafu. Wanatafuta msumari, jiwe, mkanda wa mizigo, kipande cha mfuko, kitu chochote kinachoweza kufyonzwa na injini. Magari yote na ngazi zote lazima ziwe nyuma ya mstari. Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, yaani ICAO, limeweka kipimo: ndege za kadiri ya Airbus A220, ambazo mabawa yake yana upana wa mita 35 hivi, ziachiwe nafasi isiyopungua mita 4.5 kati yake na kitu chochote kilicho karibu. Ndege kubwa kama 787, yenye mabawa ya mita 60, iachiwe mita 7.5. Mita saba na nusu ni hatua chache tu za mtu mzima. Mkokoteni mmoja wa mizigo ukiachwa ovyo umekwisha kuzila.

Ndege inapokuja, mwelekezaji husimama mahali ambapo rubani anamwona vizuri. Mchana ana vibao, usiku ana tochi. Ndege hufuata mstari uliochorwa sakafuni, taratibu. Mwelekezaji akiinua mikono polepole mpaka vibao vikapishana juu ya kichwa chake, maana yake ni simama. Akiipandisha kwa ghafula na kuvipishanisha, maana yake ni simama sasa hivi, kuna hatari. Baada ya hapo huonyeshana na rubani ishara ya breki: kiganja wazi, kisha ngumi. Ndipo kabari huwekwa. Injini huzimwa, lakini kazi haijaisha, kwa sababu mapanga ya injini huendelea kuzunguka kwa nusu dakika mpaka dakika nzima. Rubani huzima ile taa nyekundu inayomweka juu na chini ya tumbo la ndege. Taa hiyo ikizimika, ndipo watu huruhusiwa kuisogelea ndege, kuweka koni, kufungua milango ya mizigo na kuunganisha ngazi.

Kila aliyesafiri kwa lori anamjua utingo. Lori likisimama mlimani yeye huruka chini na gogo mkononi, akaliweka nyuma ya gurudumu. Dereva ana breki, lakini utingo haziamini breki peke yake, na dereva mwenye akili humshukuru. Kabari za ndege ni gogo lile lile.

Asiyeamini na asikilize habari ya Minneapolis, Marekani. Tarehe 10 Mei, 2005, ndege aina ya DC-9 ya shirika la Northwest ilitua salama ingawa sehemu moja ya mitambo yake ya mafuta yanayoendesha breki na usukani ilikwisha kuharibika. Magari ya zimamoto yakaitazama, nayo ikaendelea kwenda mahali pa kuegeshwa. Injini ya upande wa pili, ambayo ndiyo iliyokuwa imebaki kuendesha mitambo hiyo, ilizimwa kabla ya wakati. Ndege ikawa haina breki wala usukani, ikaenda kuligonga bawa la ndege nyingine ya shirika lilo hilo. Ilikwisha ruka maili nyingi bila kumdhuru mtu, ikaja kuumiza watu ikiwa imebakiwa na mita chache kufika. Ndiyo maana twasema: mpaka kabari ziwepo, ndege haijafika.

MAUTI YA MONTGOMERY

Tunayo habari nyingine iliyo nzito zaidi. Siku ya mwisho ya mwaka 2022, mchana, ndege aina ya Embraer 175 ilifika mjini Montgomery katika jimbo la Alabama, kusini mwa Marekani, ikitoka Dallas. Ndege ile ilikuwa na kasoro moja: ile injini ndogo ya mkiani, itoayo umeme ndege ikiwa imesimama, ilikuwa haifanyi kazi. Sheria iliruhusu iruke hivyo hivyo. Kwa sababu hiyo marubani walikubaliana kuacha injini kubwa zikizunguka baada ya kusimama, mpaka waya wa umeme wa kiwanjani uunganishwe.

Wafanyakazi wa pale chini waliambiwa. Tume ya Usalama wa Usafiri ya Marekani iliandika katika ripoti yake kwamba walikutana kiasi cha dakika kumi kabla ndege haijafika, kisha wakakutana tena muda mfupi kabla haijaingia. Walielezwa kwamba injini zitabaki zikizunguka, kwamba mtu asiisogelee ndege, na kwamba koni zisiwekwe mpaka injini zizimwe, mapanga yatulie na taa nyekundu izimike.

Ndege ikasimama. Injini ya kulia ikazimwa, ya kushoto ikabaki ikizunguka. Taa nyekundu ilikuwa bado inamweka. Mfanyakazi mmoja, mwanamke, alikuwa na koni mkononi akielekea nyuma ya ndege kuiweka mahali pake, kama alivyozoea kufanya kila siku. Mwenziwe alimwona karibu na moshi wa injini akajaribu kumpungia mkono na kupiga kelele ajitenge. Yeye akapita kando ya bawa, mbele ya injini ile ya kushoto. Injini ikamvuta. Ndege nzima ikatikisika, injini ikazimika yenyewe, na mfanyakazi akawa amekwisha kufa. Baadaye idara ya Marekani inayosimamia usalama kazini ilipanga mwajiri wake atozwe faini ya dola 15,625.

Ndugu wasomaji, tusiisome habari hii kama watu wasomao ajali za mbali. Tuipime.

Kwanza, ni rahisi kusema kwamba marehemu alionywa akapuuza. Wakubwa hupenda maneno hayo, kwa sababu maiti hajibu. Lakini mtu afanyaye kazi ile ile mara nyingi kwa siku, na kila mara ndege ikisimama yeye huchukua koni, mwili wake umekwisha kufundishwa kutembea. Siku moja kati ya siku nyingi akaambiwa leo usitembee. Tena injini moja imezimwa, kelele imepungua, na sikio ladanganya. Sisi tuliosomea ualimu twajua kwamba jambo lililosemwa mara mbili asubuhi si jambo lililofundishwa. Lililofundishwa ni lile ambalo mwili hulifanya hata akili ikiwa imechoka.

Pili, tazameni mzigo ulivyoshushwa. Kasoro ilikuwa ya mtambo, nayo ilikuwa ndogo. Kuisubirisha kuliruhusiwa na sheria, na abiria hawakupata shida yoyote. Lakini hatari haikupotea, ilihama tu. Ilitoka mkiani mwa ndege ikashuka mpaka sakafuni, ikamkalia mtu wa chini kabisa katika kazi ile. Ndivyo mambo yanavyokwenda mahali pengi. Kila kinachopunguzwa juu, iwe ni fedha, ni dakika au ni fundi mmoja, chini kuna mtu anayekilipia.

Tatu, mwenziwe alimwona. Alipunga mkono, alipiga kelele. Lakini karibu na injini inayozunguka sauti ya mtu si kitu. Kilichotakiwa ni mambo mawili: ishara moja inayojulikana na wote kuwa ni "simama, rudi", na desturi ya kwamba ndege yenye injini hai haina mtu chini yake ila yule mmoja aunganishaye waya wa umeme, basi.

MAJIBU KWA WABISHI

Wako watu wasemao kwamba siku hizi mitambo huiongoza ndege mpaka mahali pake, na kwamba mtu mwenye vibao amepitwa na wakati. Ni kweli kwamba katika viwanja vikubwa kuna kioo ukutani kinachomwonyesha rubani kama yuko katikati ya mstari na mita ngapi zimebaki. Ni chombo kizuri. Lakini kazi yake kubwa ni kuitazama ndege yenyewe na mstari wake. Haifai tukiamini kuwa kitaiona ngazi iliyosahauliwa chini ya ncha ya bawa, au mtoto wa mtu aliyechuchumaa nyuma ya gurudumu. Rubani naye haoni kila kitu. Septemba 2012 tume ile ile ya Marekani ilieleza kwamba katika ndege kubwa kama Boeing 767 na 777, rubani aliyeketi kitini mwake hawezi kuziona ncha za mabawa yake, ikataka ndege hizo ziwekewe vyombo vya kumsaidia. Na Boeing 767 si ngeni kwetu, maana ile ya mizigo ya shirika letu ilifika Dar es Salaam Juni 2023. Basi ni nani atakayemwambia rubani kwamba bawa lake linakaribia kugonga? Ni yule kabwela mwenye kibao.

Wengine husema: mkimpa kila kibarua haki ya kuisimamisha ndege, safari zitachelewa na shirika litapata hasara. Sisi twajibu: haraka haraka haina baraka. Ndege ikisimama dakika tatu kungoja ngazi iondolewe, tumepoteza dakika tatu. Bawa likigonga, ndege hulala kiwanjani kwa siku nyingi ikingoja mafundi na vipuri kutoka ng'ambo, na abiria wake wote hutafutiwa njia nyingine. Kwa shirika lenye ndege nyingi hilo ni pigo. Kwa shirika changa lenye ndege za kuhesabika kwa vidole ni msiba. Anayetaka faida na ahesabu vizuri.

Na wako wa tatu, ambao husema haya ni mambo ya wataalamu na hayakihusu chama. Hao twawauliza: chama ni cha nani? Anayeweka kabari ni mwanachama wetu. Anayebeba mizigo usiku kwa mvua ni mwanachama wetu. Katika siku za ukoloni kabwela aliambiwa kwamba kutawala ni utaalamu na yeye anyamaze. Tulikataa. Leo hatuwezi kukubali aambiwe kwamba uhai wake ni utaalamu wa mtu mwingine.

TWADAI NINI

Hatumtuhumu mtu, wala hatusemi kwamba viwanja vyetu ni vibaya kuliko vya wengine. Habari tuliyotoa ni ya Marekani, nchi yenye fedha na vyombo kutupita mbali. Likitokea kwao, haifai sisi tukae tukingoja kwetu litokee. Kwa hiyo twataka mambo haya yafanywe katika kila kiwanja cha ndege, kikubwa na kidogo.

Kwanza, sheria ya taa nyekundu iwe sheria isiyo na mjadala. Taa ikiwa inamweka, hakuna mtu wa kuisogelea ndege, hakuna koni, hakuna ngazi, hakuna trekta. Siku ambayo injini lazima ibaki ikizunguka, atajwe kwa jina mtu mmoja wa kuunganisha umeme, na wengine wote wabaki nyuma ya mstari mpaka waitwe.

Pili, kila mfanyakazi, hata aliyeanza kazi jana, awe na haki ya kupishanisha mikono juu ya kichwa na ndege isimame. Na baada ya hapo asiulizwe kwa ukali, asikatwe mshahara, asinyimwe zamu. Haki hii si zawadi ya bwana yeyote. Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, wasema katika kifungu cha 13 kwamba mfanyakazi aliyejitoa katika kazi kwa kuwa na sababu ya haki ya kuamini kwamba uhai wake umo hatarini alindwe asipatwe na madhara. Juni 2022 mkataba huo uliwekwa miongoni mwa mikataba ya msingi, ambayo kila nchi mwanachama yapaswa kuiheshimu kanuni zake.

Tatu, watu watoshe. Mwelekezaji awepo au kioo kiwepo, watazama mabawa wawepo, mwenye kabari awepo. Wasipotimia, ndege ingoje. Rubani asiingie mahali pake kwa kubahatisha.

Nne, kazi ya kiwanjani isitolewe kwa yule tu aliyetaja bei ya chini. Bei ya chini hupatikana wapi? Hupatikana kwa kupunguza watu, kwa kuajiri vibarua wa siku na kwa kufupisha mafunzo. Anayepimwa kwa bei peke yake atakuwa na bei nzuri na watu wabovu, si kwa kosa la watu hao.

Tano, na hili twalisisitiza, mafunzo yatolewe kwa Kiswahili. Vitabu vya kazi hii, kama ule mwongozo wa IATA wa kazi za kiwanjani uliotoka mara ya kwanza mwaka 2012, huandikwa kwa Kiingereza. Rubani na msimamizi na wavisome hivyo. Lakini mtu akiikariri sheria kwa lugha ya kigeni, huijua kama wimbo: aweza kuiimba mbele ya mkaguzi bila kujua sababu yake. Aliyeelezwa kwa lugha yake kwa nini mapanga huendelea kuzunguka baada ya injini kuzimwa, na nguvu ya kuvuta inafika wapi, hatahitaji kukumbushwa. Ataogopa kwa akili, na hofu ya akili ndiyo iokoayo watu. Lugha yetu ilitosha kuleta Uhuru. Kueleza kazi ya injini inaitosha pia.

Wanachama mnaofanya kazi viwanjani, msingoje barua kutoka makao makuu. Kutaneni katika matawi yenu na katika chama chenu cha wafanyakazi. Andikeni zamu ina watu wangapi na ilipaswa kuwa na wangapi. Andikeni ni mara ngapi mtu ameikaribia ndege taa ikiwaka, si ili aadhibiwe, bali ijulikane nini kinamharakisha. Pelekeni habari hizo kwa wasimamizi kwa adabu, na wakizitupa zipelekeni juu zaidi. Umoja wenu ndio kabari yenu.

Nanyi wananchi mtakaosafiri, ndege ikisimama na mlango ukachelewa kufunguliwa, msinung'unike. Tazameni nje dirishani. Huenda kuna kijana aliyesimama na vibao vyake, anangoja taa izimike kabla hajawaita wenziwe. Anafanya kazi ya taifa. Mheshimuni.

Uhuru na Kazi!